Meno Hayakusubiri Korona Iishe

Ukimuuliza mtu wa Pwani anakumbuka nini kuhusu mwaka 2020, atakutajia barakoa, kafyu, misikiti na makanisa yaliyofungwa, na mazishi ya watu wachache. Sisi tuliokuwa ndani ya kliniki za meno za serikali tunawakumbuka pia watu tuliowarudisha nyumbani na meno ambayo siku ile bado yangezibika. Habari zao sijaziona zikiandikwa popote, ndiyo maana naziandika. Mimi ni afisa wa afya ya kinywa na meno katika hospitali ya kaunti ndogo huku Kwale, Pwani ya Kenya, na miaka yote ile ya Korona nilikuwa kazini.

Kliniki yetu ni chumba kimoja chenye kiti kimoja. Kabla ya Korona wagonjwa walikuwa wakifika kabla jua halijachomoza ili wawahi namba, wengine wakitoka bara kabisa, upande wa Kinango, ambako gari ni moja asubuhi na moja jioni. Kung'oa au kuziba jino kwetu ni shilingi mamia. Kwa daktari wa binafsi kule Ukunda au Mombasa ni maelfu. Kwa mkulima wa mahindi au mvuvi, tukifunga sisi, pamefungwa kila mahali.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye shule zikafungwa. Kafyu ikaanza tarehe 27 Machi, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo yule aliyezoea kutoka kwake saa tisa usiku ili awahi namba hakuweza tena. Matatu ya abiria 14 ikaamriwa kubeba 8, na makondakta wakapandisha nauli kufidia viti vilivyobaki wazi. Tarehe 8 Aprili ikapigwa marufuku kuingia au kutoka Kwale, Kilifi na Mombasa. Mgonjwa wa meno alikuwa amekwisha kuzuiwa na mambo haya yote kabla hata hajafika kwenye mlango wetu.

Alipofika, alikuta karatasi ubaoni: dharura peke yake.

Agizo lile nililielewa. Drili ya meno huzunguka mamia ya maelfu ya mara kwa dakika, na ili jino lisiungue humwagiwa maji muda wote. Maji yale yakichanganyika na mate na damu hugeuka ukungu mwembamba unaoelea chumbani. Mashine ya kuondoa ukoga mgumu hufanya vivyo hivyo, na hata bomba la kupulizia hewa na maji. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja la vioo lisilofunguka vizuri, pamoja na kiyoyozi kinachozungusha hewa ile ile. Barakoa za N95 zilikuwa za kuhesabu, na zilipokuja zilitangulia wodi ya kutengea wagonjwa wa Korona, kama ilivyostahili. Mwenzangu mmoja alihamishiwa hema la langoni kupima watu joto. Uso wangu huwa kiasi cha shibiri moja kutoka mdomo wa mgonjwa, na nyumbani nilikuwa naishi na mama yangu mwenye kisukari. Hakuna aliyehitaji kunishawishi kwamba drili izimwe.

Kwa wiki zile za mwanzo bado naona tulifanya sawa. Kilichoniuma ni kwamba wiki ziligeuka miezi, na hakuna mahali palipoulizwa tufanye nini na wale waliokuwa katikati.

Nieleze maana yangu, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Jino linapoanza kutoboka haliumi. Tundu likipenya ule ukuta mgumu wa nje, mtu huanza kushtuka akinywa maji baridi au chai yenye sukari nyingi, kisha maumivu yanapita. Hapo ndipo jino linapookolewa: unatoa uozo, unaziba, mtu anakaa nalo miaka. Likiachwa, uozo unafika kwenye kiini chenye neva na damu. Sasa maumivu yanakuja yenyewe usiku na hayaondoki, au usaha unakusanyika na shavu linavimba. Hapo kuna njia mbili: kusafisha mizizi, huduma ambayo hospitali kama yetu haina, au kung'oa.

Orodha tuliyopewa iliruhusu uvimbe, damu isiyokoma, jino au taya iliyovunjika kwa ajali, na maumivu yasiyosikia dawa. Mwenye kushtuka tu na maji baridi alipewa vidonge na kuambiwa arudi hali ikitulia. Yaani kigezo chetu kilimpokea mtu pale tu jino lake lilipokuwa limeshapotea. Sidhani walioiandika walikusudia hivyo. Waliandika kwa kuangalia hatari ya wiki hiyo, na jino huoza kwa kipimo cha miezi.

Nawakumbuka wale wa katikati kwa nyuso. Mama mmoja muuza viazi karai alikuja dirishani, akawasha tochi ya simu na kufungua kinywa nimwangalie kutoka nje. Niliona tundu kwenye gego la chini, dogo, la kuzibwa kwa muda usiozidi nusu saa. Nikamwambia apige mswaki kwa dawa yenye floraidi, apunguze sukari, asitafunie upande ule, akiona uvimbe aje mara moja. Akaniambia, "Daktari, mimi sina uvimbe leo. Nataka nisiupate." Alikuwa sahihi kuliko karatasi yetu ya ubaoni.

Wengi walikwenda duka la dawa. Walinunua vidonge vya maumivu na antibiotiki, mara nyingi nusu dozi kwa sababu ndiyo pesa waliyokuwa nayo mkononi. Wengine walitia mafuta ya karafuu, ambayo hutuliza kweli kwa saa kadhaa, na wengine walisukutua kwa maji ya chumvi. Vyote hivi vina nafasi yake. Lakini antibiotiki haifiki ndani ya jino lililokufa, kwa sababu damu haipiti tena mle. Inapunguza uvimbe ulioko nje, mtu anapata nafuu, kisha baada ya wiki mbili au tatu mambo yanaanza upya, na safari hii yanaweza kuwa mabaya zaidi.

Mwezi wa Mei aliletwa mvuvi mmoja, kijana mwenye nguvu zake, ameshikwa huku na huku na ndugu zake. Chini ya kidevu alikuwa amevimba pande zote mbili, ngozi ngumu na nyekundu, ulimi umeinuliwa juu mpaka kinywa hakifungi. Mate yalikuwa yakimtoka kwa sababu hakuweza kumeza. Kwa mtu wa meno hii ni picha ya kutisha: uambukizo wa gego la chini umeshuka kwenye nafasi zilizo chini ya ulimi, na uvimbe ukiendelea unaziba njia ya hewa. Mtu hufa kwa jino. Nduguye alisema, bila hasira hata kidogo, "Alikuja mwezi uliopita, daktari. Mlimwambia arudi." Alikuwa amekwisha kumeza dozi mbili za antibiotiki kutoka dukani.

Alihitaji mpasuaji wa kinywa na taya, na mpasuaji yuko Mombasa. Siku za kawaida hiyo ni barabara na kivuko cha Likoni. Siku zile ilikuwa ambulensi, barua ya rufaa, kizuizi cha polisi, kisha kivuko. Tulimweka dripu na dawa za mshipa, tukapiga simu mpaka ambulensi ikapatikana, na aliondoka kwetu jioni akiwa amekaa wima, kwa kuwa akilazwa alikuwa anakosa pumzi. Alipona. Alikuja kunionyesha kovu chini ya kidevu baadaye, na akakaa kitini kwa ajili ya jino jingine. Naandika habari yake kwa sababu wapo wanaodhani meno ni urembo.

Shangazi yangu anaishi Leicester, Uingereza. Alipata maumivu ya jino mwezi ule ule wa Mei, na kwao kliniki zilikuwa zimesitisha matibabu ya kawaida tangu tarehe 25 Machi hadi 8 Juni. Alizungumza na daktari kwa simu, akaandikiwa dawa za maumivu na antibiotiki, akaambiwa asubiri. Nilishangaa kidogo jinsi shauri lake lilivyofanana na letu. Tofauti ilikuwa kwamba kwao palianzishwa vituo vya dharura, na kliniki zilipofunguliwa alikuwa na mahali pa kurudi na namba ya simu ya kupiga. Wagonjwa wetu hatukuwa na namba zao, na wao hawakuwa na yetu.

Jambo la shule lilinisumbua kuliko yote. Februari 2020 tulikuwa tumezunguka shule za msingi kukagua watoto. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, kimya kimya. Wazazi wengi hudhani ni jino litakalodondoka kama mengine, kumbe ndilo atakalozeeka nalo. Kwa hiyo tunawatafuta watoto wa miaka saba, minane, tisa, na tukiona kitundu tunampa kadi aje kliniki likizo ya Aprili. Msichana mmoja wa gredi ya tatu alikuwa na kitundu cha kahawia kwenye gego la chini kulia, ncha ya chombo inaingia kidogo tu. Nilimwandikia kadi mimi mwenyewe. Aprili ile hakuna aliyekuja. Shule zilifungwa kuanzia Machi, wakafunguliwa kwanza gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne Oktoba, na wengine wote Januari 2021.

Tarehe 3 Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu huduma za kinywa wakati wa Korona. Magazeti yaliandika upande mmoja tu, kwamba matibabu yasiyo ya lazima yaahirishwe pale ambapo maambukizi bado yanaenea. Mkuu wetu wa kitengo, daktari wa meno mwenye subira sana, aliuchapisha wote na kutugawia. Ndani yake mlikuwa na jambo jingine: panapohitajika kutibu, zitangulizwe njia zisizotoa ukungu, vifaa vya mkono badala ya drili.

Nilimwambia, "Daktari, hii si ile ya chuoni?" Akacheka, "Ndiyo hiyo. Na haikutoka mbali."

Kweli haikutoka mbali. Njia hii ya kuziba jino kwa vifaa vya mkono peke yake ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya meno ya Dar es Salaam, alipokuwapo Mholanzi Jo Frencken. Shida yao ilikuwa vijiji visivyo na umeme wala maji ya bomba, ambako jino lenye tundu lilikuwa na hatima moja tu, koleo. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipokuwa ya afya ya kinywa, Shirika la Afya likaitangaza kwa ulimwengu mzima. Sisi tulifundishwa chuoni, tukafanya mtihani, kisha tukaajiriwa mahali penye drili na tukaiona kama kazi ya watu wa vijijini sana. Ilichukua ugonjwa wa dunia nzima kuturudisha kwenye kitu kilichobuniwa jirani.

Tulitoa meza ya kulazia wagonjwa tukaiweka barazani, penye upepo, karibu na mwarobaini. Mgonjwa analala chali, mimi nakaa kichwani kwake. Unazungushia jino pamba likauke. Unapanua mdomo wa tundu kwa kipatasi kidogo, kisha unachukua kijiko chenye ncha ndogo kuliko punje ya mchele na kuanza kukomba uozo, kwanza kandokando, halafu chini, taratibu, mpaka ufike penye ugumu. Uozo ule laini hauna neva, ndiyo maana mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Msaidizi anachanganya unga na tone la kimiminika kwenye karatasi mpaka saruji ya kuzibia jino ing'ae, na hapo una kama dakika moja ya kuijaza. Unapaka mafuta ya mgando kidole chenye glavu, unaikandamiza ijae mpaka kwenye mifereji ya jino, unaondoa iliyozidi, unamwambia aume kidogo uone kama imekaa sawa. Asile kwa saa moja. Saruji yenyewe hushikana na jino na huendelea kutoa floraidi.

Mama wa viazi karai alikuwa miongoni mwa wa kwanza, kwa sababu nilijua anapouzia na nilituma mtu amwite. Tundu lilikuwa limeongezeka lakini halijafika kwenye kiini. Nilipomaliza alikaa akagusa jino kwa ulimi, akaniuliza, "Basi? Wala sindano?" Kisha akawaleta wanawe.

Sitaki kuipamba njia hii kuliko ilivyo. Kwenye tundu la juu ya gego, la upande mmoja, hudumu vizuri. Tundu likila pande mbili au tatu, saruji huvunjika mapema. Jino lililokwisha kuuma usiku kucha halisaidiki nayo, na kuliziba ni kumfungia mtu usaha ndani. Inachosha mkono na inataka jicho la subira. Lakini kwa wale wa katikati, wale tuliokuwa tukiwarudisha na vidonge, ilitosha. Tangu Machi hadi Septemba ilikuwa imelala kwenye droo, na kijiko chake kikiwa kimechemshwa na kufungwa tayari. Laiti agizo la Machi lingesema "zima drili, endelea na vifaa vya mkono", wengi wangekuwa na meno yao leo.

Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma nchini, wakidai vifaa vya kujikinga na bima, madai ambayo nayaunga mkono mpaka leo. Hospitali ikapoa tena. Mgonjwa wa meno akarudi mwisho wa foleni.

Januari shule zilipofunguliwa, yule msichana alikuja na mama yake. Kadi yangu alikuwa nayo, imekunjwa ndani ya daftari, maandishi yamefifia. Gego lilikuwa limebaki kuta mbili, katikati shimo jeusi, na kwenye fizi kipele cha usaha. Mama alisema mtoto alilia usiku mwezi wa Septemba, wakampa dawa, maumivu yakakoma, wakadhani amepona. Maumivu hukoma pia jino linapokufa. Nilimchoma ganzi, nikasubiri, nikaling'oa. Alivumilia vizuri. Mama akaniuliza litaota lini jingine, na nikamweleza kwamba hili ndilo lililokuwa la kudumu. Akanyamaza, akamfunga mtoto leso shavuni, akauliza, "Na mdogo wake yuko miaka saba. Nimlete lini?" Nikamwambia leo hii hii, kama yuko karibu.

Tangu hapo tumebadilisha namna ya kufanya kazi, na mabadiliko haya ningependa wenzangu wa kaunti nyingine wayachukue bila kungoja ugonjwa mwingine. Kadi ya mtoto sasa ina namba ya simu ya mzazi au ya jirani mwenye simu, na nakala inabaki kwetu kwenye daftari la wasiomaliza matibabu, ambalo hupitiwa kila mwezi. Tukienda shule tunabeba mkoba wa vifaa vya mkono, na kitundu tunachokiona tunakiziba pale pale darasani juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, kwa idhini ya mzazi iliyochukuliwa mapema. Na kwenye mpango wa dharura wa hospitali tumeandika kwamba mwenye kushtuka na baridi anapokewa, hata drili ikizimwa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji ile ya kuzibia, dawa ya meno yenye floraidi, na ile dawa ya kupaka yenye madini ya fedha inayosimamisha uozo, katika orodha yake ya dawa muhimu. Dawa ya fedha hulifanya tundu kuwa jeusi, na wazazi wengine hawaipendi kwa meno ya mbele. Kwa magego ya nyuma ya mtoto mdogo asiyekubali kukaa kitini, mimi naona ni neema. Orodha ile ilitupa hoja ya kwenda nayo mbele ya kamati ya bajeti, kwa sababu mpaka hapo saruji ilihesabiwa kama kitu cha anasa, ikikatwa ya kwanza fedha zikipungua.

Bado hukatwa. Mwaka wa fedha uliopita tuliagiza ya miezi kumi na miwili, ikaja ya miezi mitano, na muhula wa tatu tulikagua shule tukiwa na vijiko lakini hatuna cha kuzibia. Watoto wa muhula ule wako kwenye daftari, namba za simu zipo, na shehena ikifika tunaanza na wao.